Miguu Mirefu Si Sababu ya Kumgeuza Mtoto

Kwa familia nyingi za kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kiti cha mtoto cha garini huanza kuwa jambo la lazima pale zinapohamishiwa nchi kama Canada au Australia, ambako sheria humtaka mtoto mdogo afungwe kitini. Hapo huzuka swali la wazazi wenye watoto warefu: mtoto ana miaka miwili, kiti chake kinatazama nyuma, magoti yamekunjika na nyayo zimegota kwenye siti ya gari. Je, si wakati wa kumgeuza atazame mbele? Bado. Tatizo la mtoto huyu liko shingoni, wala si miguuni.

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kwa mwili wake. Kwa mtoto mchanga kinachukua kama robo ya urefu wote, wakati kwa mtu mzima ni sehemu moja kati ya saba au nane. Shingo inayokibeba haijakomaa: pingili yake ya pili, ambayo kichwa hugeukia juu yake, huanza ikiwa vipande vilivyoshikanishwa na gegedu, na vipande hivyo huungana kuwa mfupa mmoja kati ya miaka mitatu na sita hivi. Mtoto wa miaka miwili mwenye kimo cha wa mitatu bado ana shingo ya miaka miwili. Sasa fikiria matola, yaani pikapu ya abiria, iliyojaa watu kwenye barabara kuu ya M1. Wengine wameegemeza migongo kwenye kibanda cha dereva, wakiitazama barabara inayobaki nyuma. Wengine wanatazama mbele, wameshikilia bomba. Dereva akikanyaga breki ghafla, wale wa kwanza hubanwa tu: kisogo, mabega, mgongo na kiuno hupokelewa na bati kwa pamoja, na hakuna kiungo kinachobeba mzigo peke yake. Wale wa pili huzuiwa na mikono, huku kichwa kikiendelea na safari. Mtoto anayetazama mbele yuko katika kundi hili la pili. Mikanda hukizuia kifua chake, lakini kichwa hakina mkanda, na kazi yote ya kukizuia huachiwa shingo. Akitazama nyuma, ganda la kiti huwa ndilo bati la kibanda: kichwa na kiwiliwili husimama pamoja, shingo isivutwe. Bertil Aldman, daktari wa Sweden, aliliona hilo miaka ya 1960 kwa kutazama jinsi wanaanga walivyolazwa chali ili mgongo wote upokee msukumo wa roketi, akabuni kiti cha mtoto kinachotazama nyuma.

Wapo watakaosema miguu itavunjika. Lakini mtoto hukunja miguu hivyo hivyo mkekani bila kulalamika, na katika ajali miguu ya anayetazama mbele ndiyo inayorushwa na kugonga siti iliyo mbele yake. Isitoshe, mfupa wa mguu huunga. Neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo ikikatika haiungi. Wengine watasema mama atampakata. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 12 huwa mzigo wa takriban kilo 170, na hakuna mikono ya kuushika. 

Kwa hiyo mtoto mrefu achaguliwe kiti chenye ganda refu. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliondoa kigezo cha miaka miwili, kikashauri mtoto atazame nyuma hadi afikie kikomo cha kiti chenyewe. Viti vingi vya Ulaya vya kanuni ya R129 huruhusu hadi sentimita 105, kimo ambacho watoto wengi hukifikia baada ya miaka minne. Usipime miguu, mkalishe, uangalie utosi. Kwa viti vingi vya Marekani, ukibaki chini ya ukingo wa juu wa ganda kwa sentimita 2.5 au zaidi, bado anaenea, mradi uzito haujapita kikomo. Mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kiti cha mtumba kilichowahi kupata ajali kisinunuliwe, hata kama ganda halionyeshi ufa.