Mshahara wa siri na dhulma isiyo na shahidi

Dhulma iliyo wazi hupata wa kuikemea, bali iliyofichwa humla mtu miaka mingi naye hajui kwamba analiwa. Dhulma ya mshahara ni ya namna hiyo. Watu wawili huingia kazini kwa saa moja, hufanya kazi moja na hutoka pamoja, kisha kila mmoja hukunja hati yake ya mshahara asimwonyeshe mwenzake. Akiwa mmoja wao anapunjwa, atajuaje? Na asipojua, atamshitaki nani, na kwa ushahidi upi?

Tumeona tuliweke suala hili mbele ya wasomaji wa kurasa hizi kwa kuwa mshahara ndio chakula na ada ya nyumba nyingi, na kwa kuwa wapo miongoni mwetu wenye watoto na ndugu walioajiriwa Marekani. Huko, jimbo la California limeweka sheria inayostahili kufahamika: mwajiri mkubwa hutakiwa kila mwaka kuipelekea serikali ya jimbo hesabu ya mishahara anayolipa, ikiwa imechambuliwa kwa jinsia, rangi na asili ya wafanyakazi.

Chanzo cha haja hiyo kinaonekana vyema katika kisa cha Bi Lilly Ledbetter, aliyefanya kazi tangu 1979 hadi 1998 katika kiwanda cha matairi cha Goodyear, mjini Gadsden, jimbo la Alabama. Alipokaribia kustaafu aliletewa kijikaratasi kisicho na jina, akafahamu kuwa wanaume wa cheo chake walikuwa wakilipwa zaidi. Yeye alipata dola 3,727 kwa mwezi, ilhali mwanamume aliyelipwa kidogo kuliko wenzake wote katika cheo hicho alipata dola 4,286. Alishitaki. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumpunja ulipofanywa. Vipi mtu alalamikie jambo alilofichwa? Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria, na Rais Obama akaitia saini Januari 29, 2009. Hata hivyo, Bi Ledbetter mwenyewe hakufidiwa, na siri ya mshahara ikabaki palepale.

Mwaka 2016 serikali kuu ya Marekani ilipanga kuwataka waajiri wakubwa watoe takwimu za malipo. Mwaka uliofuata utawala mpya ukausimamisha mpango huo. Mahakama ililazimisha takwimu za 2017 na 2018 zikusanywe, kisha zoezi likakoma. California haikungoja. Mwaka 2020 ilitunga sheria yake, na ripoti za kwanza zikapokewa 2021. Msimamizi wake ni Idara ya Haki za Kiraia ya jimbo, chombo chenye mamlaka ya kuchunguza ubaguzi na kumfikisha mwajiri mahakamani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 100 au zaidi, hata kama California yuko mmoja tu kati yao, huchagua kipindi kimoja cha malipo kati ya Oktoba na Desemba, akawahesabu waliokuwa kazini. Huwapanga katika makundi ya kazi, kuanzia wakurugenzi hadi vibarua, kisha katika madaraja 12 ya malipo. Ripoti hufika idarani ifikapo Jumatano ya pili ya mwezi Mei. Asiyeileta anaweza kutozwa faini ya dola 100 kwa kila mfanyakazi, na akirudia, dola 200. Mwaka 2025 sheria ilikazwa: idara ikiomba faini hiyo, mahakama haina budi kuitoza.

Marekebisho ya 2022 yaliongeza mambo mawili mazito. La kwanza, mwajiri aonyeshe malipo ya saa kwa njia mbili: wastani, na malipo ya mtu wa katikati. Tuseme ofisi ina wanawake 5. Wanne wanapata dola 20 kwa saa, na mmoja anapata dola 120. Wastani wao ni dola 40, na anayesoma wastani peke yake atadhani wote wako katika neema. Lakini ukiwapanga kwa safu, yule wa katikati anapata dola 20. Hesabu ya pili inafichua kilichofichwa na ya kwanza.

La pili linawahusu wanaoletwa kazini na mawakala: wafagiaji, wapakiaji mizigo, walinzi. Hapo awali kampuni iliweza kuripoti watu wake wa ofisini tu, huku wanaotoa jasho kubwa kwa ujira mdogo wakiwa nje ya daftari kwa kuwa wameajiriwa na wakala. Sasa kampuni inayotumia watu 100 au zaidi wa namna hiyo lazima iwaripoti nao, na wakala analazimika kuipa takwimu zao.

Tusidhani kwamba jedwali ni hukumu. Tofauti ya malipo yaweza kuwa na sababu ya haki, kama vile uzoefu au elimu. Jedwali hufanya kazi ya taa: huionyesha idara mahali pa kwenda kuuliza, bila kungoja mnyonge mmoja ajitokeze na kuhatarisha kazi yake. Idara ikishaingia, uzito wake si mdogo. Wanawake wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Riot Games, ya Los Angeles, waliposhitaki, mwaka 2019 palipendekezwa suluhu ya dola milioni 10. Idara ikapinga kuwa ni ndogo mno. Mwaka 2021 shauri hilo likamalizika kwa suluhu ya dola milioni 100, ikiwahusu pia walioletwa na mawakala.

Kasoro zipo. Ripoti ya kila kampuni haitangazwi kwa umma. Idara huchapisha majumuisho tu, tofauti na Uingereza ambako tangu 2017 waajiri wenye watu 250 au zaidi hutangaza wazi pengo la malipo kati ya wanaume na wanawake. Tena jedwali haliulizi dini. Dada anayepunjwa kwa ajili ya hijabu yake hataonekana humo. Huyo itambidi alalamike mwenyewe, na sheria iko upande wake: tangu 2013 California inatamka kuwa vazi la dini na ndevu vimo katika ulinzi wa imani kazini, na kwamba kumficha mfanyakazi nyuma asionekane na wateja si njia halali ya kumtimizia haki yake.

Kwa hiyo wenye jamaa huko wawafikishie haya. Mwajiri wa California haruhusiwi kumuuliza mwombaji kazi alilipwa kiasi gani alikotoka, wala kuwakataza wafanyakazi kutajiana mishahara. Mwenye watu 15 au zaidi lazima aandike kiwango cha malipo katika tangazo la kazi. Anayeandika kiasi cha chini kwa sababu ya woga tu, asome tangazo kwanza.

Nasi tulio nyumbani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha mwanamume na mwanamke wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haki hiyo haidaiwi kwa mdomo mtupu. Kila mzazi amfundishe kijana wake anayeanza kazi, wa kiume na wa kike, kuhifadhi mkataba na kila hati ya mshahara tangu mwezi wa kwanza. Bi Ledbetter alitumikia miaka 19 kabla ya kuletewa kijikaratasi, na kilipofika, mahakama ilimwambia amechelewa.