Chipu ya Kompyuta: Nakala Kwanza, Kuandika Baadaye

Kompyuta mpakato inapokataa kuwaka, ikabaki na kioo cheusi ilhali taa ya chaji inaonekana, huenda kasoro iko katika programu ya kuwashia, maarufu kwa jina la BIOS. Programu hiyo haikai katika diski pamoja na picha na nyaraka za familia. Huhifadhiwa katika chipu ndogo, aghalabu yenye miguu 8, iliyochomelewa kwenye ubao mkuu. Fundi huweza kuishika chipu hiyo kwa kibanio, akaiunganisha na kompyuta nyingine, akayasoma yaliyomo na kuyaandika upya. Njia hii imefufua mashine nyingi zilizokwisha kukatiwa tamaa, lakini ina hatari ambazo mwenye mali anapaswa kuzifahamu.

Hatari ya kwanza ni umeme. Chipu nyingi za aina hii hutumia volti 3.3, lakini zipo zinazotumia 1.8, na hizo zikipewa 3.3 huweza kuungua. Kifaa cha bei nafuu kitumiwacho na mafundi wengi, CH341A, kina matoleo yanayopitisha volti 5 katika njia za data. Tena, chipu ikisomwa ingali ubaoni, umeme wa kibanio huenea hadi sehemu nyingine za ubao. Kwa hiyo chaja na betri havina budi kuondolewa kwanza.

Ya pili ni usomaji wenye makosa. Mguu mmoja usipoguswa sawasawa, nakala hutoka na dosari bila onyo lolote. Dawa yake ni kusoma angalau mara mbili na kulinganisha mafaili. Yakitofautiana hata kidogo, fundi asithubutu kuandika.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wapo mafundi wanaochukua faili la mashine nyingine ya modeli hiyo hiyo na kuliandika bila kuhifadhi la awali. Mashine huweza kuwaka, lakini ikawa imepoteza vilivyo vyake peke yake: namba ya utambulisho, anwani ya kadi ya mtandao, na mara nyingi ufunguo wa leseni ya Windows. Diski iliyofungwa kwa BitLocker nayo huweza kudai ufunguo wa kurejesha, na asiyekuwa nao hatazifikia nyaraka zake. Hata programu iliyoharibika ina thamani, kwani mara nyingi vitambulisho hivyo huweza kuokolewa kutoka humo.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kukabidhi mashine yako, tafuta ufunguo wa BitLocker na uuandike mahali salama. Muulize fundi chipu ni ya volti ngapi, na atasoma mara ngapi kabla ya kuandika. Kisha mwombe akupe nakala ya awali katika flashi. Fundi aijuaye kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Asiyeweza kuyajibu, usimwachie mashine.