Usaili wa kazi (3): Apimwe kwanza anayeuliza

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 130,000, na mjadala ukawa uleule wa nani kapita na nani kaachwa. Sehemu mbili zilizopita zilihusu mchujo wa maandishi. Leo tumefika mbele ya jopo, na hapa anayestahili kupimwa kwanza ni muulizaji.

Thomas Edison anatufundisha kwa nini. Mwaka 1921, mvumbuzi huyo akiwa na miaka 74, aliwapa wahitimu wa vyuo walioomba kazi kwake maswali yapatayo 150. Ufaransa imepakana na nchi zipi? Pamba bora kuliko zote hulimwa wapi? Leonidas alikuwa nani? Wengi walianguka, naye Edison akavilaumu vyuo kwa kutoa watu wasiojua kitu. Mwezi Mei maswali yakavuja hadi kwenye The New York Times. Mwezi huohuo Albert Einstein, akiwa ziarani Boston, aliulizwa swali la namna hiyo: kasi ya sauti ni ipi? Akajibu kwamba habeba kichwani jambo linalopatikana vitabuni. Edison alijitetea kuwa mkuu wa kazi asiye na kumbukumbu hawezi kuamua upesi. Utetezi huo una ukweli, lakini kumbukumbu inayohitajika kazini ni ya mambo ya kazi hiyo. Fundi mitambo hahitaji Leonidas. Swali la namna ile humfunua zaidi muulizaji, anayependa kuonekana ajuaye, na jopo lenye kiburi hicho halitofautiani na mganga anayepiga ramli.

Njia iliyo bora ilionyeshwa mwaka 1980 na Gary Latham na wenzake, waliowasaili wafanyakazi wa viwanda vya kupasua mbao. Swali lao mojawapo lilikuwa hivi: mwenzi wako na watoto wako wawili wakubwa wamelala na mafua, hakuna ndugu wala rafiki wa kuwaangalia, na zamu yako inaanza baada ya muda wa saa tatu, utafanya nini? Aliyesema atabaki nyumbani alipata alama ya chini, aliyesema atampigia simu msimamizi alama ya kati, na aliyesema atakwenda kazini, kwa kuwa ni mafua tu, alama ya juu. Alama hizo zilipangwa kabla ya mtu yeyote kuingia chumbani. Unaweza kuupinga uamuzi wao kuhusu familia, lakini huwezi kusema walibuni alama baada ya kuona sura ya mtu.

Jopo linaweza pia kumtaka msailiwa asimulie jambo alilowahi kulifanya kazini. Watu watasema anaweza kudanganya. Anaweza, ndiyo maana jopo humfuatilia: ulikuwa na nani, wewe mwenyewe ulifanya lipi, nini kilifuata? Uongo huchoka upesi kwa maswali hayo. Watasema pia kwamba kijana aliyetoka chuoni hana la kusimulia. Basi apewe tatizo halisi la kazi anayoiomba, alitatue mbele ya jopo.

Wenyeviti wa majopo, andikeni maswali na vigezo vya alama kabla hamjamwita mtu wa kwanza, kisha waulizeni wote yaleyale. Kumnyima mtu riziki kwa swali lisilohusu kazi ni dhuluma, hata ikipigwa muhuri wa ofisi.