Kinga ya ubavu wa gari: Kidato cha kupandia hakitoshi

WENYE magari yanayopita njia za mawe, kama zile za Turkana na Marsabit, hujali sana magurudumu na springi wakasahau ukingo ulio chini ya milango. Gurudumu la mbele likishavuka jiwe, gari hushuka na kulilalia kwa ukingo huo. Ukibonyea, mlango hukataa kufunguka.

Wengi huamini kwamba kidato cha kupandia ni kinga. La hasha! Vidato vingi vya aluminiamu hushikizwa kwa vipande vyembamba, na vikipata uzito wa gari hupinda na kuuponda ukingo ule ule.

Kinga halisi ni bomba nene la chuma linaloshikizwa kwenye chesi, wala si kwenye bodi. Kabla ya kulipa, mtake fundi aweke jeki chini ya bomba hilo na kuliinua gari. Bomba likipinda au likigusa bodi, lirudishe.

Land Cruiser na Land Rover Defender za zamani zina chesi ya kubeba kinga hiyo. Magari kama RAV4 hayana chesi ya kando. Ukingo wenyewe ni sehemu ya mifupa ya gari, hivyo yafaa kuyaepusha na mawe makubwa.

Je, bolti au kuchomelea? Bolti ni bora kwa wengi, kwani bomba lililoharibika hubadilishwa. Kuchomelea huunguza rangi ya chesi, hata upande wa ndani usioonekana, na kwa wakazi wa Pwani kutu haikawii.