Kombe Lililozaliwa kwa Sabuni



Kombe la Dunia lajulikana hapa Chaani hata na watoto wa chuoni. Lakini uliza ni lipi lililotangulia, hilo au mashindano ya mataifa ya Afrika ya Mashariki, na wengi watakosea. Yetu ndiyo yaliyotangulia.

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage. Kombe la Dunia lilichezwa mara ya kwanza mwaka 1930, nchini Uruguay. Ama Kombe la Mataifa ya Afrika, hilo lilianza mwaka 1957 mjini Khartoum, kwa timu 3 tu: Misri, Sudan na Uhabeshi.

Na huyo Gossage ni nani? William Gossage alikuwa mkemia wa Uingereza aliyejenga kiwanda cha sabuni katika mji wa Widnes. Kampuni iliyobeba jina lake ndiyo iliyotoa kikombe. Basi mama aliyeinamia beseni la nguo asidhani kwamba historia ya kandanda haimhusu. Fedha ya kombe letu la kwanza ilitoka katika beseni kama lake.

Katika miaka ya 1940 Tanganyika na Zanzibar nazo ziliingia. Jina la Gossage lilidumu hadi mwaka 1966, na tangu 1973 mashindano haya yamekuwa ya CECAFA.

Humo Zanzibar husimama kama taifa, ijapokuwa si mwanachama wa FIFA. Mwaka 1995 ilitwaa kombe nchini Uganda. Mwaka 2017 ilikubaliwa na CAF mwezi wa Machi, kisha ikaondolewa mwezi wa Julai. Haikuvunjika moyo. Disemba ya mwaka huohuo ilifika fainali mjini Machakos, ikatoka sare ya mabao 2-2 na Kenya, na ikashindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Wengi wa pwani hii wana jamaa Unguja na Pemba. Siku ile shangwe na huzuni zilikaa katika nyumba moja.

Sasa Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ni heshima kubwa. Lakini enyi wazazi, tujiulize: ni nani alipiaye mpira wa leo? Zamani alikuwa muuza sabuni, na aliyenunua alirudi nyumbani na kipande mkononi. Leo matangazo mengi ya mpira ni ya kamari, na anayenunua hurudi mikono mitupu. Kijana hahitaji kutoka nje. Simu yatosha, na nauli ya shule huliwa kabla ya kipenga cha mwisho. Hukumu yake imewekwa wazi katika Suratul Maida, aya ya 90.

Tusiwakataze watoto mpira kwa sababu ya kamari. Tuketi nao, tutazame pamoja, tuwasimulie habari hizi, na tuwafundishe kupambanua mchezo na mtego uliofungwa juu yake. Mtoto anayejua kwamba kombe la kwao lilianzia kwenye sabuni atauliza mwenyewe: na hili la leo linanisafisha, au linanichafua?

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.