Mfinyanzi Asilie Gaeni: Sanaa, Hesabu na Lugha ya Biashara

Methali yasema: "Mfinyanzi hulia gaeni." Fundi huuza vyungu vizima, mwenyewe akabaki na kigae cha kulia chakula chake. Katika makala hii fupi tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuiepuka. Tunawafikiria hasa wasanii wa Kabuga, mashariki mwa Kigali, kwenye barabara iendayo Kayonza hadi mpaka wa Rusumo.

Nchini Rwanda ufinyanzi ulikuwa kwa muda mrefu riziki ya Watwa. Mambo mawili yaliidhoofisha kazi hiyo. Kwanza, vyombo vya plastiki na vya bati vilichukua nafasi ya vyungu. Pili, mabonde mengi yenye udongo mzuri yaligeuzwa mashamba, hasa ya mpunga. Mwaka 2001 ulianza mradi wa Dancing Pots, uliowasaidia wafinyanzi kubuni vyombo vipya na kutafuta wanunuzi. Shirika lao la CAURWA, ambalo jina lake liliwataja kuwa wenyeji wa asili, lilibadili jina mwaka 2007 likawa COPORWA, yaani Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda. Tangu hapo jina liliegemea kazi. Kazi ikifa, jina nalo litabaki tupu.

Wasusi wa vikapu vya agaseke wanatuonyesha kwamba soko linaweza kupatikana. Kampuni ya Gahaya Links, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Janet Nkubana na dada yake Joy Ndungutse, ilianza kuuza vikapu katika maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005. Mnunuzi wa aina hiyo hutaka vikapu vingi, vya kipimo kimoja, kwa siku iliyokubaliwa. Msusi mmoja hawezi, kikundi chaweza.

Lakini soko bila hesabu ni hasara. Tuchukue mfano wa vyungu 10. Tuseme udongo umegharimu faranga 2,000, kuni 3,000, usafiri 3,000, na siku nne za kazi, kila siku faranga 3,000, ni 12,000. Jumla ni faranga 20,000. Fundi hugawa kwa 10, akapata 2,000, akauza kila chungu kwa 2,200 akidhani amepata faida. Kumbe vyungu viwili vimepasuka motoni! Vinane vilivyobaki vitamletea faranga 17,600 tu. Amepoteza 2,400. Bei ya kurudisha gharama ilikuwa 2,500, na faida ianzie juu ya hapo. Wengi husahau pia kuhesabu siku zao za kazi. Hao hujiona wana faida ilhali wamefanya kazi bure.

Jambo la mwisho ni mapatano. Kiswahili kilipopewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, tayari kilikuwa lugha ya biashara katika barabara hii ya Tanzania. Msanii ayafahamu maneno haya:

Bei ya jumla: bei ya anayenunua vingi ili akauze tena.

Malipo ya awali: fedha zinazotolewa kabla ya kazi kuanza, ili fundi asinunue kuni kwa mkopo.

Mali kauli: mwenye duka huchukua bidhaa sasa na kulipa akishauza. Hapa ndipo wengi huumia. Iandikwe idadi ya vyombo, siku ya kulipa, na nani atabeba hasara kikivunjika dukani.

Haki miliki: haki ya mbunifu juu ya alichobuni. Alama za biashara na maumbo ya bidhaa husajiliwa katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB).

Tunawahimiza wanafunzi wetu wanaoishi karibu na vikundi vya wasanii wawasaidie kuandika mapatano yao kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili sanifu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.