Njiti karudi nyumbani, simu isizimwe!

Siku ya kutoka wodini huwa ni vigelegele. Shangazi kaja na khanga mpya, baba kakodi teksi, njiti kafungwa kifuani kwa mama. Kasheshe huanza saa nane usiku. Wodini alikuwepo sista, hapa mpo wawili tu. Mtoto anahema haraka haraka, mara kimya. Moyo paa!

Mjini Odense, Denmark, miaka ya 2010 wazazi wa njiti walipewa tableti. Mtoto alirudi nyumbani akiwa bado analishwa kwa mpira mwembamba wa puani. Wazazi waliandika uzito na maziwa aliyokunywa, nesi akasoma akiwa hospitali, kisha wakaonana kwa video.

Tableti hatuna? Simu tunayo. Kabla hujaruhusiwa, omba namba ya wodi na uulize nani hupokea usiku. Ukipiga video, kaa penye mwanga, mfunue kifua kidogo tu asipigwe baridi, hesabu pumzi dakika nzima. Njiti huweza kutua sekunde tano hadi kumi, kisha akaendelea. Akipitisha 20, au akigeuka bluu, msugue nyayo taratibu mkikimbilia hospitali.

Tena usimwambie sista "mtoto hayuko sawa," ukanyamaza. Mwambie kanyonya mara ngapi tangu asubuhi, kakojoa mara ngapi, joto lake ngapi. Hapo ataweza kukusaidia.

Lakini simu haina mkono wa kumshika mtoto. Akigoma kunyonya, akipata degedege, akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, msingoje ipokewe. Mwekeni kifuani, ngozi kwa ngozi, mwondoke. Mtapiga njiani.

Na nyie kina baba, kifua hicho si cha kuvalia cheni tu! Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri njiti akae ngozi kwa ngozi saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama peke yake ataweza wapi? Vua shati, mpokee mwenzio alale.

Na bando la kuangalia mechi, wiki hii liwekwe akiba. Saa nane usiku halina mbadala.